Kiwanda Hufunga Virago, Gati Hubaki

Januari 2011, wafanyakazi wapatao 800 wa kiwanda cha paneli za sola pale Devens, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliambiwa kwamba kazi imefika mwisho. Kiwanda bado kilikuwa kinanukia rangi. Hakikuwa kimetimiza hata miaka mitatu. Mwenye nacho, kampuni ya Evergreen Solar, alikuwa amepewa na serikali ya jimbo msaada uliopindukia dola milioni 58: ruzuku, misamaha ya kodi na ardhi ya bei ya kutupa ndani ya kambi ya zamani ya jeshi. Kazi ya kuunda paneli ikahamia Wuhan, China. Agosti ya mwaka huo huo kampuni ikaingia mahakamani kama mufilisi.

Wasiotaka serikali iguse nishati safi wamekisimulia kisa hiki kwa miaka mingi, na siwalaumu, kwa sababu hasara ilikuwa ya kweli na watu 800 walirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini naona wanachota funzo lisilo lake. Ukitazama kilichoiangusha Evergreen utakuta jambo jembamba sana. Teknolojia yake ilikuwa ya werevu: nyuzi mbili zinapitishwa kwenye silikoni iliyoyeyuka, zinapanda na utando mwembamba katikati yake, na utando huo ndio unaokatwa vipande vya kutengenezea paneli. Wenzao walikuwa wakisaga magogo ya silikoni kwa msumeno, na sehemu kubwa ya mali ikiishia kuwa vumbi. Mwaka 2008, kilo moja ya silikoni safi ilipofika zaidi ya dola 400, aliyejua kubana silikoni alikuwa mfalme. Baada ya takriban miaka miwili bei ilikuwa imeporomoka chini ya dola 100. Ubanaji ukawa hauna thamani tena, na mwenye kiwanda kikubwa na mkopo nafuu kule China akawa ndiye mwenye soko.

Kwa hiyo, bila kujua, jimbo lilikuwa limecheza kamari juu ya bei ya silikoni. Lilichagua kampuni moja, teknolojia moja na jengo moja, likatia fedha za umma humo. Kosa halikuwa kuisaidia nishati safi. Kosa lilikuwa kutojiuliza swali ambalo kila mkopeshaji wa kijijini hulijua: siku huyu akiondoka, mimi nabaki na nini mkononi?

Swali hilo ndilo nitakalolitumia kupima kila kitu hapa. Tulipeleke kwanza New York, walikochezea mezani fedha nyingi zaidi.

Katika mji wa Buffalo, penye kiwanja cha kilichokuwa kiwanda cha chuma cha Republic Steel, serikali ya Gavana Andrew Cuomo ilijenga kiwanda kikubwa cha sola kwa ajili ya kampuni ya SolarCity, ambayo ilinunuliwa na Tesla mwaka 2016. Jimbo lilitumia dola milioni 959, likabaki na jengo, na mpangaji akatakiwa kulipa kodi ya pango ya dola moja kwa mwaka. Sharti lilikuwa watu 1,460 wawe kazini Buffalo, la sivyo faini ya dola milioni 41.2 kwa kila mwaka wa upungufu. Mwaka 2020 ofisi ya mdhibiti wa hesabu za jimbo ilikagua na kukuta kwamba kila dola moja iliyotumika ilikuwa ikileta manufaa ya senti 54. Idadi ya wafanyakazi baadaye ilitimia, ila wengi wao hawagusi sola kabisa. Mamia wanakaa mbele ya kompyuta kuweka alama kwenye picha za barabarani zinazofunza magari kujiendesha.

Nitasemaje juu ya hili? Kazi ni kazi, na Buffalo ni mji uliolia njaa ya ajira tangu tanuri za chuma zilipozimwa. Simcheki mtu anayepeleka mkate nyumbani kwa kuweka alama kwenye picha. Ila jimbo lilisema linajenga kiota cha utengenezaji wa sola, na kiota hicho hakipo. Tena jengo la Buffalo haliwezi kuhamishwa, kwa hiyo mtu anaweza kuniambia kipimo changu kimeshindwa. Hakijashindwa. Jengo lililoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mpangaji mmoja ni mali ya mpangaji huyo, hata kama hati ina jina la serikali. Asipolitaka tena, nani mwingine atalivaa?

Sasa twende New Bedford, na hapa ningependa tukae kidogo.

New Bedford ni mji wa bandari kusini mwa Massachusetts. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa mji mkuu wa uvuvi wa nyangumi duniani. Meli zake zilizunguka hadi Bahari ya Hindi, na wavuvi wa nyangumi kutoka Marekani walikuwa wageni wa kawaida Unguja, wakitia nanga kutafuta maji na chakula. Mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za nyumba na minara ya bahari, na mji ukajichagulia maneno ya Kilatini yenye maana ya "naeneza nuru". Kisha yakaja mafuta ya taa kutoka ardhini, soko la nyangumi likafa, zikaja nguo, nazo zikahamia kusini, na mwisho ikabaki samaki na umaskini. Viwanda vya vifaa vya umeme vikaacha sumu ya PCB katika matope ya bandari.

Mwaka 2015 jimbo lilimaliza kujenga hapo gati ya kwanza Marekani iliyosanifiwa mahsusi kwa mitambo ya upepo ya baharini. Iligharimu takriban dola milioni 113, na katika kuijenga sehemu ya matope yale yenye sumu ilichimbwa na kuondolewa. Sakafu yake ilijengwa kubeba uzito ambao gati ya kawaida ingetitia chini yake, kwani kipande kimoja cha mnara wa upepo wa baharini ni mamia ya tani.

Mradi uliotarajiwa kuitumia, Cape Wind, ulikufa mwaka huo huo gati ilipomalizika. Makampuni ya umeme yalivunja mikataba ya kununua umeme wake Januari 2015, na mwenye mradi akainua mikono rasmi Desemba 2017. Hebu fikiria makelele. Dola milioni 113 zimelala juani, hakuna hata bawa moja la upepo! Wakati huo ungeweza kuiandikia gati hii tanzia ile ile ya Devens.

Lakini gati haina miguu. Mwaka 2016 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoyalazimu makampuni ya usambazaji kununua megawati 1,600 za umeme wa upepo wa baharini, na Gavana Charlie Baker, wa chama cha Republican, akaitia saini. Hapo sasa kukawa na soko. Mwaka 2023 vipande vya mradi wa Vineyard Wind vilianza kushushwa New Bedford: minara, mapanga (yale mabawa yanayozungushwa na upepo), vichwa vya mitambo. Januari 2024 umeme wa kwanza ukaingia kwenye gridi. Mradi una mitambo 62 yenye uwezo wa megawati 806. Aliyejengewa gati alikufa, akaja mwingine, na gati ikampokea bila kuuliza jina. Akiondoka huyu, atakuja wa tatu.

Mradi huo haukukosa majanga. Julai 2024 panga moja lilivunjika na vipande vyake vikasukumwa na maji hadi fukwe za kisiwa cha Nantucket wakati wa msimu wa watalii. Mtengenezaji, GE Vernova, alikiri kwamba gundi haikushika vya kutosha wakati wa kuunda. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mimi lilinikumbusha uwekezaji mwingine wa jimbo usiosemwa sana: kituo cha kupimia mapanga ya upepo pale Charlestown, Boston, kilichofunguliwa mwaka 2011 kwa fedha za jimbo na za serikali kuu. Humo panga hufungwa kwenye ukuta wa zege na kupindwa na kutikiswa kwa miezi, hadi liwe limepitia misukosuko ya miaka 20 ya baharini. Kampuni yoyote inaweza kuleta panga lake na kulipia. Kituo hakimpendelei mtu. Ni kweli kwamba kinapima usanifu, hakikagui kila panga linalotoka kiwandani, kwa hiyo kisingezuia ajali ya Nantucket. Na kimeanza kuzeeka: kilisanifiwa kwa mapanga ya hadi mita 90, ilhali yale ya Vineyard Wind ni mita 107. Bajeti ya kukirefusha ingekuwa na maana kuliko msamaha mwingine wowote wa kodi.

Kwenye utafiti mambo ni magumu zaidi, na naungama kwamba hapa hata mimi huyumba.

Massachusetts ilianzisha mwaka 2008, chini ya Gavana Deval Patrick, taasisi ya nishati safi inayojulikana kama MassCEC. Kazi yake ni kusaidia utafiti, kukopesha na kuwekeza katika kampuni changa, na kulipia mafunzo ya kazi. Jimbo lina chuo cha MIT na Harvard, wataalamu wamejaa. Sasa tazama kinachotokea. Kampuni ya betri ya A123, iliyozaliwa MIT mwaka 2001, ilikwenda kujenga viwanda Michigan kwa sababu Michigan na serikali kuu walitia donge nono. Mwaka 2012 ikafilisika, mali yake ikanunuliwa na kampuni ya Wanxiang ya China. Form Energy, iliyoanzia eneo la Boston mwaka 2017 na kuunda betri zinazohifadhi umeme kwa kutumia chuma kinachopata kutu na kurudishwa, ilijenga kiwanda chake Weirton, West Virginia, kwenye ardhi ya kiwanda cha chuma kilichokufa. West Virginia, jimbo la makaa ya mawe, iliahidi hadi dola milioni 290. Na pale pale Devens, karibu na kaburi la Evergreen, leo kuna Commonwealth Fusion Systems, kampuni nyingine iliyotoka MIT, inayojenga mtambo wa kuunganisha viini vya atomu kama inavyofanyika ndani ya jua. Ukifaulu, kituo cha kwanza cha kuuza umeme kimepangwa kujengwa Virginia.

Kwa hiyo jimbo moja linalea wazo, jingine linavuna ajira ya kiwandani. Ni dhuluma? Kwa muda mrefu nilidhani hivyo. Siku hizi naona kuwa swali limepotoka. Mfanyakazi wa Weirton aliyepoteza kazi ya chuma anahitaji ajira kuliko mhandisi wa Cambridge, mji wa MIT, na Massachusetts haina ardhi ya bei nafuu wala umeme wa bei nafuu wa kushindana kwa viwanda vizito. Ikijaribu, itarudi Devens ya 2011. Kinachobaki Massachusetts ni maabara, wahandisi wanaohama kutoka kampuni iliyokufa kwenda iliyo hai bila kuhama mtaa, na vyombo vya kupimia. Ninachokidai ni kwamba jimbo linapotoa fedha za utafiti lichukue hisa, hata ndogo, mlipakodi naye apate chake wazo likitajirisha watu mbali. MassCEC hufanya hivyo katika baadhi ya uwekezaji wake. Ifanye zaidi.

Mwaka 2024 Gavana Maura Healey alitia saini sheria ya uchumi yenye dola milioni 400 kwa teknolojia za tabianchi, ndani yake ruzuku na misamaha ya kodi kwa ajili ya ajira. Nazipenda hizo ruzuku pale zinapojenga vifaa vinavyotumiwa na wengi. Misamaha ya kodi inanitia wasiwasi, kwa sababu nimeshaeleza nilivyoona mwisho wake.

Halafu kuna hesabu ya ajira zenyewe. Kila mwaka MassCEC hutoa takwimu, na siku hizi inahesabu zaidi ya watu 100,000 katika nishati safi jimboni. Wanasiasa huipenda namba hii. Lakini anayehesabiwa ni pamoja na fundi ambaye sehemu tu ya wiki yake ndiyo inayokwenda kwenye nishati safi, na kundi kubwa kuliko yote si la sola wala upepo. Ni la watu wanaoziba nyufa za nyumba ili joto lisitoroke wakati wa baridi, wanaopuliza vizuizi vya joto darini, wanaofunga pampu za umeme za kupasha nyumba joto mahali pa tanuri za mafuta. Sisemi hili kuidharau namba. Nasema ndipo fedha ya mafunzo inapopaswa kwenda. Nyumba ya Worcester, mji wa humo humo Massachusetts, haiwezi kupelekwa Wuhan ikazibwe nyufa huko. Fundi wa kuziba nyufa anaingia kazini baada ya mafunzo ya miezi, hahitaji shahada, na baridi ya Januari haimwachi bila wateja.

Iowa walilielewa hili kabla ya wengi. Mwaka 1983 walipitisha sheria ya kuyataka makampuni ya umeme kununua megawati 105 za nishati jadidifu, ya kwanza ya aina yake Marekani, na vyuo vyao vya kati vikaja kufundisha mafundi wa mitambo ya upepo katika miji midogo ya wakulima. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa unatokana na upepo. Texas, ambako gavana atakayehubiri tabianchi hachaguliwi, ilipitisha sheria mwaka 2005 na kujenga nyaya za kusafirisha umeme za karibu kilomita 5,800 kutoka nyanda zenye upepo hadi mijini, kwa karibu dola bilioni 7 zilizolipwa na wateja wote. Haikuchagua kampuni ya upepo. Ilijenga njia, waliotaka kupita wakapita, na sasa Texas inaongoza nchi nzima kwa umeme wa upepo.

Hao "wateja wote" ndio ambao makala za nishati huwasahau. Sehemu ya fedha ya MassCEC hutoka kwenye tozo ya senti 0.05 kwa kila uniti ya umeme. Nyumba inayotumia uniti 600 kwa mwezi hutoa senti 30. Ni kidogo, na naiunga mkono. Lakini hutozwa maskini na tajiri kwa kiwango kile kile, na kuna tozo nyingine kubwa zaidi za matumizi bora ya nishati kwenye bili hiyo hiyo. Wakenya wengi wanaishi Lowell, mji wa Massachusetts uliojengwa na viwanda vya nguo, na wapo wanaokesha wakihudumia wazee na wagonjwa. Wanalipa tozo hiyo katika nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba hana haja ya kuziba nyufa zake, kwa sababu bili si yake. Mpango wa nishati safi usiomfikia mpangaji wa Lowell unamchukulia senti zake na kumpelekea faida mwenye nyumba wa kitongoji cha matajiri. Hili linanikera kuliko Devens na Buffalo zikijumlishwa.

Haya yote sasa yamekuwa ya dharura. Sheria kubwa ya serikali kuu ya Agosti 2022 ilimwaga fedha, na majimbo yakazoea kuegemea. Januari 2025 Rais Trump akasimamisha ukodishaji mpya wa bahari kwa ajili ya upepo. Julai 2025 akatia saini sheria iliyokata nafuu za kodi za upepo na sola. Agosti mradi wa Revolution Wind karibu na Rhode Island uliamriwa kusimama ukiwa umekamilika kwa takriban asilimia 80, hadi mahakama ilipoufungua mwezi uliofuata. Jimbo lililotegemea hazina ya Washington limegundua kwamba mfuko ule una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilika kila baada ya miaka minne.

Msomaji wa Nakuru ataniuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu Kenya ilipita njia hii kwa jotoardhi. Kuchimba kisima kimoja cha mvuke ni mamilioni ya dola, na kisima kinaweza kutoka kikavu. Hakuna mwekezaji anayependa hatari hiyo. Serikali iliibeba: Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981, na mwaka 2008 ikaundwa kampuni ya umma ya GDC kuchimba visima na kuuza mvuke kwa watakaojenga mitambo, kama ilivyo Menengai. Mvuke haufungi virago. Na mafundi waliofunzwa Olkaria baadaye walikwenda na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, kuchimba visima Ethiopia na Djibouti kwa malipo. Hiyo ni ajira ya nishati safi iliyozaliwa na subira ya serikali.

Namaliza na Salem, kaskazini mwa Boston. Kutoka bandari hiyo ndipo walipotoka wafanyabiashara wa Marekani waliotangulia kuzoeleka Unguja katika karne ya 19, wakileta kitambaa cheupe cha pamba ambacho hadi leo Kiswahili kinakiita merikani, na kuondoka na pembe, karafuu na sandarusi. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Baadaye bandari hiyo ilikuja kutawaliwa na kituo cha umeme wa makaa ya mawe, kilichozimwa mwaka 2014. Kwenye ardhi yake MassCEC, manispaa na mwendelezaji binafsi walianza mwaka 2024 kujenga gati ya pili ya upepo wa baharini. Mwaka uliofuata serikali kuu ikafuta ruzuku yake ya karibu dola milioni 34.

Jimbo linaweza kuliziba pengo hilo au kuacha kiwanja kiliwe na jua na chumvi. Watakaopinga watataja Evergreen. Ningekuwa na kura katika bunge la Boston ningewajibu kwa New Bedford, ningetoa milioni hizo 34 kutoka fungu la misamaha ya kodi, na ningeandika sharti moja kwenye hati: gati iwe wazi kwa meli yoyote yenye mzigo.